Miaka Thelathini Haimkamati Mwizi

Kila bodaboda anapoporwa pikipiki, kila kibanda cha wakala wa fedha za simu kinapovamiwa jioni, maneno yaleyale husikika kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala na mara nyingine hata bungeni: sheria zetu laini, wafungwa wanadekezwa, adhabu iongezwe. Mmoja atataka kifungo cha maisha. Mwingine atataka viboko hadharani. Wa tatu atasema wanyongwe tu, yaishe. Na ukimuuliza yeyote kati yao kwa nini anaamini hivyo, atakupa jibu ambalo Dar es Salaam nzima inalijua: ukimpeleka polisi, kesho unakutana naye mtaani.

Jibu hilo linastahili kusikilizwa kwa makini, maana linawageukia wanaolitoa. Anayelalamika kwamba kibaka amerudi mtaani kesho yake halalamikii kifungo kifupi, kwa sababu kifungo chenyewe hakikuwapo. Mtu alitoa chochote kituoni akaachiwa. Au jalada lilipotea, au mlalamikaji alichoka kuitwa na kurudishwa, au shahidi aliogopa. Yote hayo hutokea kabla hakimu hajafikia kuandika hukumu. Kwa hiyo hata sheria ikisema miaka 30, hata ikisema 100, kibaka huyo atakutana nawe kesho asubuhi palepale kwenye kona.

Imani kwamba ukali ndiyo dawa ya uhalifu imeenea kiasi kwamba anayeipinga huonekana mtetezi wa wezi. Lakini imani hiyo imejaribiwa, tena hapahapa, na kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka.

Wakati wa Wajerumani, hukumu ya kiboko ilikuwa hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano, na wazee wa Pwani waliisimulia kwa vizazi. Uhuru ulipopatikana, mtu angetarajia bakora ziondoke na mkoloni. Badala yake, mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini. Aliyepatikana na hatia ya makosa yaliyoorodheshwa, miongoni mwake rushwa, wizi wa mali ya serikali, wizi wa mifugo na kuvunja nyumba, alipaswa kufungwa si chini ya miaka 2 na kuchapwa viboko 24: kumi na viwili anapoingia gerezani, kumi na viwili anapotoka. Hakimu hakuachiwa nafasi ya kupima, isipokuwa kwa mkosaji wa mara ya kwanza ambaye thamani ya alichoiba haikuzidi shilingi 100 na mwenye sababu maalumu za kuonewa huruma. Hebu fikiria mtu aliyekwisha kutumikia kifungo chake, nduguze wanamsubiri getini, naye analazwa chini kuchapwa kwa mara ya mwisho kwa kosa alilokwisha kulilipia miaka miwili.

Kama ukali unatosha, wizi wa mali ya umma ungekuwa historia kufikia mwisho wa muongo ule. Haukuwa. Mwaka 1972 sheria ile ilifutwa ikaandikwa nyingine, viboko vikaondolewa na vifungo vikarefushwa. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa, na kima cha chini kwa unyang'anyi wa silaha kikapandishwa hadi miaka 30. Tangu hapo kiwango hicho hakijashuka. Kijana aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na maisha yake yote ameishi chini ya sheria inayosema kwamba ukimtishia mtu kwa panga ukamnyang'anya simu, utatoka gerezani ukiwa na mvi. Ni katika kipindi hichohicho Jiji la Dar es Salaam lilipowajua Panya Road, makundi ya vijana wenye mapanga wanaovamia mtaa mzima kwa mkupuo. Mwaka 2015 waliwafanya watu wafunge maduka na kukimbilia majumbani. Mwaka 2022 walirudi tena na kuua. Miaka 30 ilikuwa kwenye vitabu vya sheria mara zote mbili.

Mtetezi wa ukali atasema vijana wale hawakuijua sheria. Huenda ni kweli, na kama ni kweli, hoja yake imekwisha hapo. Adhabu isiyojulikana na anayetarajiwa kuiogopa haiwezi kumtisha. Na anayeijua hufanya hesabu nyepesi: wangapi katika kijiwe chetu wamefanya hili, na wangapi wamekamatwa? Kwa kijana wa miaka 17, tofauti ya miaka 10 na miaka 30 ni kitu cha mbali sana. Anachokiona kwa macho yake ni mwenzake aliyefanya juzi na leo amekaa kibarazani anakunywa soda. Marekani, yenye wafungwa karibu milioni 2, iliurefusha muda wa vifungo kwa miongo minne, na mwaka 2014 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilipopitia ushahidi wote lilikuta kwamba kurefusha vifungo kunaongeza hofu kidogo mno, ilhali uhakika wa kukamatwa ndio wenye uzito.

Kuna jambo baya zaidi, nalo halizungumzwi vya kutosha: ukali uliopitiliza hupunguza uhakika huo.

Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ya kunyongwa. Kuiba mali ya shilingi 40 ndani ya nyumba ya mtu kulitosha kukupeleka kwenye kitanzi. Wazee wa baraza, watu wa kawaida walioketi kuamua kesi, wakaanza kufanya jambo ambalo kumbukumbu za mahakama za London zimelihifadhi: walimtia mshitakiwa hatiani kwa wizi wa mali ya thamani ya shilingi 39, hata pale ambapo kila mtu aliona wazi kwamba mali ile ilizidi hapo. Hawakutaka damu ya mtu mikononi mwao kwa sababu ya kitambaa au kijiko cha fedha. Waendesha mashitaka nao waliacha kushitaki. Na siku za kunyonga watu hadharani, wezi wa mifukoni walifanya kazi yao katikati ya umati uliokuja kumtazama mwizi mwenzao akifa. Mwaka 1808 Samuel Romilly alifanikiwa kulifuta kosa la wizi wa mfukoni katika orodha ya kunyongwa, na hoja yake ilikuwa hiyohiyo: adhabu inayoogopwa na hakimu kuliko inavyoogopwa na mwizi haina kazi.

Anayedhani hayo ni ya Ulaya ya zamani tu aende kwenye kesi za ubakaji nchini Tanzania. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Lengo lilikuwa jema, na hakuna mzazi asiyelielewa. Lakini mara nyingi anayetuhumiwa ni mjomba, baba wa kambo, jirani anayeilisha familia. Miaka 30 inapowekwa mezani, wazee wa pande mbili hukutana usiku, fedha au ng'ombe hutolewa, na siku ya kesi mtoto amepelekwa kwa bibi mkoa mwingine. Shahidi hayupo. Kesi inaondolewa. Mbakaji hapati hata siku moja, na binti anajifunza kwamba mwili wake una bei. Maofisa ustawi wa jamii na wanasheria wa msaada wa kisheria wanakutana na kesi za namna hii kila mwaka. Dawa ya hapo ni ulinzi kwa mtoto na mama yake katika miezi ile ya kusubiri kesi, polisi wa dawati la jinsia wenye usafiri na mafuta, na daktari anayefika mahakamani anapoitwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana kwa kuandika namba kubwa zaidi kwenye kifungu.

Kenya walikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 296 cha sheria yao ya adhabu kiliweka kifo kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, hata kama hakuna aliyeuawa. Nairobi ya katikati ya miaka ya 1990 ndiyo iliyotikiswa na kina Wanugu, Wacucu na Rasta, majambazi waliofahamika kwa majina hadi kwa watoto wa shule, wakati kitanzi kimo kwenye sheria. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alizibadilisha hukumu za zaidi ya watu 4,000 waliokuwa wakisubiri kunyongwa kuwa vifungo vya maisha. Waliojazana humo hawakuwa wauaji tu. Wanyang'anyi walikuwa wengi. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu mwaka 1987.

Siku hizi wapenda ukali wana mfano mpya, na haifai kuukwepa: El Salvador. Tangu Machi 2022 Rais Nayib Bukele ametawala kwa hali ya dharura, amekamata watu zaidi ya 80,000 na kujenga gereza kubwa ambalo picha zake, vijana wenye vipara wamepangwa sakafuni kama magunia, zimezunguka kwenye simu za Afrika Mashariki. Mauaji yameshuka kweli. Wananchi waliokuwa wakilipa kodi kwa magenge wanapumua, na kuwabeza si haki. Lakini mauaji katika nchi ile yalikwisha kuanza kushuka tangu baada ya 2015, miaka kadhaa kabla ya dharura. Bukele mwenyewe alikiri Novemba 2024 kwamba watu 8,000 waliokamatwa hawakuwa na hatia na wameachiwa. El Salvador ina watu wapatao milioni 6. Ukichukua uwiano huohuo kwa Watanzania milioni 61.7 wa sensa ya 2022, utahitaji kufunga zaidi ya watu 800,000. Magereza ya Tanzania yalijengwa kwa watu takriban 30,000. Anayedai sera ya Bukele aseme pia nani atawalisha hao, na watoto wa nani watakuwa miongoni mwa wale wasio na hatia.

Aina ya ukali iliyo rahisi kuliko zote haihitaji gereza kabisa: ni risasi, au tairi na petroli. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikihesabu mamia ya watu wanaouawa na makundi ya raia wenye hasira kwa mwaka. Hakuna hukumu iliyo kali na ya haraka kuliko hiyo, na bado vibaka wapo. Ile taharuki ya Januari 2015 yenyewe ilizuka vijana walipotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na raia. Walitoka makaburini na hasira, wakaimwaga kwa kila waliyekutana naye njiani.

Dola nayo inapochukua njia hiyo, haijui pa kuishia. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama. Aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977 kubeba dhamana ya jambo ambalo hakulifanya yeye, na heshima hiyo ilimfuata hadi Ikulu. Vikongwe, hata hivyo, waliendelea kuuawa Usukumani kwa miongo iliyofuata. Mateso hayakuzaa upelelezi. Kenya, Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake mwendesha bodaboda na dereva wao wa teksi walitekwa walipotoka Mahakama ya Mavoko. Miili yao ilikutwa mtoni ndani ya magunia. Kosa la mteja lilikuwa kumshitaki polisi aliyempiga risasi. Polisi watatu na mtoa habari wao walitiwa hatiani mwaka 2022. Baada ya tukio kama hilo, nani atajitokeza kutoa ushahidi kituoni? Na bila mashahidi, mwizi anakamatwaje?

Basi turudi kwenye mahali ambapo kesi hufia.

Katika Mahakama ya Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, karandinga huingia asubuhi na mahabusu kutoka Segerea na Keko. Ndugu wamekwisha kusimama nje, mama ana mfuko, mke amebeba mtoto ili baba amwone kwa sekunde chache kupitia matundu ya dirisha. Kesi inaitwa. Mwendesha mashitaka anasimama na kusema upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa kwa siku 14. Karandinga linarudi. Kwa mshitakiwa wa kosa lisilo na dhamana, tendo hilo laweza kurudiwa kwa miaka. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho kutoka Zanzibar walikamatwa kuanzia mwaka 2012, wakashitakiwa kwa ugaidi, na wakaachiwa Juni 2021 mashitaka yalipofutwa. Hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Hapo ndipo wapenda ukali wanapopaswa kueleza. Katika magereza yetu, kwa miaka mingi, karibu nusu ya waliomo wamekuwa mahabusu, watu ambao sheria inawaita wasio na hatia. Kijana aliyedaiwa kuiba kuku analala ubavu kwa ubavu na jambazi mzoefu, anajifunza kwake, na akitoka ana anwani za watu wa kuwatafuta. Huo ukali unatozwa kwa wasiohukumiwa, halafu wenye hatia wanakosa wa kuwapeleleza. Tume ya Haki Jinai iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliundwa kwa sababu malalamiko ya aina hii yalikwisha kuwa ya nchi nzima.

Njia nyingine ipo, na ina sheria yake. Tanzania ina sheria ya uangalizi wa wahalifu tangu enzi ya ukoloni, na mwaka 2002 ikapata Sheria ya Huduma kwa Jamii. Mtaani inaitwa kifungo cha nje. Inavyofanya kazi ni hivi: kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, hakimu anaweza kuomba taarifa ya afisa uangalizi. Afisa anakwenda nyumbani kwa mkosaji, anaongea na wazazi, na mwenyekiti wa mtaa, na aliyeibiwa. Anaandika kama mtu huyu anaweza kusimamiwa akiwa nje. Hakimu akiridhika, anaamuru afanye kazi bila malipo shuleni, kwenye zahanati, barabarani au mtoni kunakopandwa miti, akiwa na msimamizi anayetia saini kila siku. Asipofika, anarudishwa mahakamani. Wakati huo analala kwake, watoto wanakula, na aliyeibiwa anamwona akilipa.

Wapinzani husema huo ni uzungu, mambo ya Norway. Historia inakataa. Ulaya ndiyo iliyoleta huku jela la kuta na funguo. Kifungo cha nje kwa sura yake ya sasa kilikuzwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, magereza ya Harare yalipofurika. Kutoka hapo kikapokelewa Kenya mwaka 1998, Uganda 2000, Tanzania 2002. Wanasema pia ni kulegeza mkono. Hao waitazame Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchi ile ilikuwa na watuhumiwa zaidi ya 100,000 magerezani. Aprili 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22. Kisha ikabadili njia. Mahakama za gacaca zilimaliza karibu mashauri milioni 2 kufikia mwaka 2012, na waliokiri waliruhusiwa kutumikia sehemu ya kifungo kwa kazi za umma, TIG, wakichonga matuta milimani, wakitengeneza barabara, wakijenga nyumba za manusura. Mwaka 2007 adhabu ya kifo ikafutwa. Gacaca ilikuwa na kasoro zake, na wapo manusura ambao hawakuridhika na wana haki ya kutoridhika. Lakini nchi iliyoona damu kiasi hicho iliweza kumsimamia nje mtu aliyeshiriki kuua. Sisi tunashindwaje kumsimamia aliyeiba betri ya gari?

Hoja moja ya wapinzani ina uzito: usimamizi usio na wasimamizi ni mchezo. Kenya ilijua hilo. Kabla ya 1998 wafungwa wa vifungo vifupi walipelekwa kufanya kazi nje ya jela bila mfumo wa kuwafuatilia, mpango ukaharibika na ikabidi uandikwe upya. Maofisa uangalizi wa Tanzania ni wachache, wengine wana wilaya nzima na hawana pikipiki. Basi pesa iende huko. Mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa silaha, kwa sheria ya parole ya 1994, hana hata nafasi ya kutolewa kwa masharti chini ya jicho la afisa. Siku yake ikifika anatoka getini peke yake, hana kazi, hana simu, na wengi wa aliowaacha wamekwisha kufa. Yeye ndiye aliyehitaji kusimamiwa kuliko wote.

Mbunge atakayesimama tena kudai miaka iongezwe aulizwe kwanza wilaya yake ina wapelelezi wangapi, majalada mangapi yamelala bila kukamilika, na afisa uangalizi wake ana usafiri gani. Na hakimu atakayeletewa kesho asubuhi kijana wa miaka 19 aliyekutwa na simu ya wizi hahitaji kusubiri Bunge: sheria ya 2002 inamruhusu kuomba taarifa ya afisa uangalizi kabla ya kuandika hukumu. Aiombe.